Majirani Coralville: Kinnick tarehe 11

*Jumanne, 31 Oktoba 2023*

Mama Neema, 18:52
Habari za jioni majirani. Ya jana mmeyasikia: Beth Goetz, mkuu wa muda wa michezo wa Chuo Kikuu cha Iowa, ametangaza Brian Ferentz, kocha wa ofensi (kikosi cha kushambulia) wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, hatarudi msimu ujao. Ligi bado inachezwa, timu ina ushindi 6 na vipigo 2, na leo waandishi wote wamemrukia baba yake, kocha mkuu Kirk. Basi Jumamosi ya tarehe 11 Novemba tunaingia uwanja wa Kinnick, mechi na Rutgers, wote nyeusi na dhahabu, na bango la kumtia moyo Kirk. Nataka majina kabla ya kesho usiku.

Mama Neema, 18:54
Bango nimeshapiga hesabu. Shuka moja la kitanda kikubwa, kopo 1 la rangi nyeusi ya ukutani, brashi ya inchi 3. Maneno ni matatu tu: TUKO NAWE KIRK. Yakizidi hapo, aliye ng'ambo ya uwanja hasomi kitu. Wala msilete fito, getini hazipiti. Tutalishika kwa mikono, watu sita.

Mama Neema, 19:41
Naona tiki za bluu tu. Watu 23 mmesoma, mmenyamaza.

Dereva Shabani, 20:15
Mimi nipo. Tunatoka saa ngapi?

Mama Neema, 20:16
Saa 5 asubuhi.

Dereva Shabani, 20:16
Ya Kiswahili au ya simu? Mwaka jana kuna mtu aliniamsha alfajiri 😂

Mama Neema, 20:17
Ya Kiswahili. Simu itaandika 11. Na kumbukeni usiku wa kuamkia Jumapili hii saa zinarudishwa nyuma, kwa hiyo siku ya mechi jua litazama kabla ya saa 11 jioni. Njooni na makoti ya kweli. Yale mabenchi ni alumini, yananyonya joto la mwili lote. Kila mtu abebe kipande cha boksi cha kukalia. Mwavuli hauingii. Mkoba uwe wa plastiki unaoonyesha ndani, mwingine utarudishwa kwenye gari, na gari lenyewe litakuwa mbali.

Papa Furaha, 20:49
Mama Neema, kwa heshima. Tunamtia moyo kwa lipi? Mwaka jana ofensi ilikuwa ya 130 kati ya timu 131 kwa yadi za kusonga mbele. Kocha mwingine wa ofensi angefungasha Desemba ileile. Huyu alibaki kwa kuwa ni mwana wa mwenye nyumba. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mama Neema, 20:53
Papa Furaha, Kirk alikuja 1999. Mwaka wa kwanza alishinda 1 akapoteza 10. Wa pili 3 na 9. Angefukuzwa wakati ule tusingeiona 2002, ushindi 11, wala 2009 na Orange Bowl, mechi kubwa ya baada ya msimu, wala 2015, mechi 12 za msimu bila kufungwa hata moja. Tangu 1979 chuo hiki kimekuwa na makocha wakuu wawili tu, Hayden Fry na yeye. Vyuo vingine hubadilisha kocha kila baada ya miaka mitatu na bado wanafungwa. Mtu wa namna hiyo humwachi njiani kwa sababu ya makala za wiki moja.

Bahati, 21:02
Na mkataba wa Brian tuuseme kama ulivyo. Ulibadilishwa Februari, masharti yakawa wastani wa pointi 25 kwa mechi na ushindi usiopungua 7, mshahara ukashushwa dola 50,000 hadi 850,000. Mechi 8 hizi: 24, 20, 41, 0, 26, 20, 15, 10. Jumla 156, wastani 19.5. Kwa mechi 13, pamoja na moja ya baada ya msimu, zinatakiwa 325. Zimebaki 169 katika mechi 5, yaani karibu 34 kila mechi. Msimu huu wamevuka 30 mara moja tu, na Western Michigan. Na humo zimo pointi za difensi (kikosi cha kuzuia) na za kurudisha mipira.

Papa Furaha, 21:03
Aksanti Bahati. Umenisaidia.

Bahati, 21:06
Sijamaliza, Papa. McNamara, kotabeki wetu (mtupa mpira), aliumia goti mechi ya Michigan State, tarehe 30 Septemba. Lachey aliumia mapema kabla yake. Erick All akaumia goti kule Wisconsin. Kotabeki wa kwanza hayupo, wadakaji wawili wakubwa wa katikati hawapo. Deacon Hill, kotabeki wa akiba, akirudi nyuma kutupa, hana mtu mrefu wa kumtupia karibu, basi difensi za wapinzani zinasogea mbele kuziba njia ya kukimbia. Kukimbia kukizibwa, unabaki na mateke ya kuwaachia wapinzani mpira mbali.

Dereva Shabani, 21:07
Mateke ndiyo ofensi yetu bwana 😂😂 Tory Taylor mpiga mateke wetu kwa urais

Dada Rehema, 21:08
😂😂😂

Bahati, 21:10
Taylor ni wa Melbourne, amekulia mpira wa Australia. Anaudondosha mpira wima, unazunguka kinyumenyume, ukigusa nyasi unasimama au unarudi badala ya kukimbilia mstarini. Ndiyo maana wapinzani mara nyingi wanaanzia karibu na goli lao. Na kwa vile ni mwanafunzi wa kigeni, viza haimruhusu kula hela za matangazo kwa raha kama wenzake.

Dereva Shabani, 21:11
Viza tena! Huyo ni ndugu yetu kabisa. Aongezwe kwenye kikundi.

Mama Neema, 21:12
Jamani, MAJINA. Nina Shabani peke yake.

Shangazi Zawadi, 21:30
Mimi naja kwa upande wa chakula. Mishkaki ya watu 14: nyama ya paja kilo 5, vipande vya inchi moja, tangawizi na vitunguu saumu vya kutwanga, ndimu 6, chumvi, papai bichi lililosagwa vijiko 3 vikubwa. Papai likae na nyama saa 2, lisizidi. Mkilaza usiku kucha nyama inalegea, inachuruzika kwenye kijiti kama uji, na moto hauwezi kuirudisha. Vijiti vya mianzi viloweke dakika 30, vikavu vinawaka kabla nyama haijaiva. Novemba pana upepo, mkaa unakwisha haraka: bebeni mara moja na nusu ya ule wa Septemba. Na ndoo ya bati kwa majivu, siyo ya plastiki.

Mama Neema, 21:32
Aksante Shangazi. Mchango dola 20 kila mtu, tiketi kila mtu ajinunulie.

Dada Rehema, 21:34
Kabla ya mchango wa mwaka huu, deli la barafu la siku ya mechi na Nebraska liko wapi?

Mama Neema, 21:34
Rehema, si leo.

Dada Rehema, 21:35
Nauliza tu. Deli, na zile dola 60 zilizobaki.

Papa Furaha, 21:36
Hata mimi ningependa kujua.

Dereva Shabani, 21:36
👀

*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Neema, 21:51
Mambo ya Nebraska tutayamaliza ana kwa ana. Turudi kwa Kirk. Magazeti yanasema Minnesota wametufunga 12-10 kwa makosa ya Kirk. Bahati, waeleze ile ya DeJean, mrudisha mipira wetu.

Bahati, 21:58
DeJean alikuwa anapunga mkono wa kushoto, chini, kuwaambia wenzake wakae mbali na mpira uliokuwa unadunda. Kwa sheria, ishara ya kuomba udakaji wa amani (bila kukabwa) ni mkono mmoja juu ya kichwa, upungwe wazi. Ukipunga namna nyingine yoyote ni ishara batili, na mpira unakufa palepale unapoushika. Huruhusiwi kukimbia nao. Waamuzi hawakupuliza uwanjani, wakaiona kwenye marudio ya video. Yadi 54 alizokimbia nao hadi golini na ushindi vikafutwa, na Floyd wa Rosedale, kombe la sanamu ya nguruwe, akaenda Minnesota.

Dereva Shabani, 21:59
Kulilia nguruwe wa shaba, na wengine humu hata nyama yake hawagusi 😂

Papa Furaha, 22:04
Sheria ni sheria. Lakini mechi nzima ofensi ilipata yadi 127. Difensi ya kocha Phil Parker ikiruhusu pointi 12 ukashindwa, usimtafute mwamuzi. Na mkitaka tuseme yote, tuseme na ya 2020. Wachezaji weusi walisimama mmoja baada ya mwingine wakaeleza walivyotendewa mle ndani. Kocha wa mazoezi ya nguvu akaondoka na malipo. Kesi ikaisha Machi mwaka huu kwa dola milioni 4.175, milioni 2 zikapitishwa zitoke mfuko wa jimbo, kodi yangu na yako, mpaka kelele zilipoifanya idara ya michezo ikubali kuzirudisha. Nani aliwashikia bango wale?

Dada Rehema, 22:05
Hapo sasa.

Mama Neema, 22:09
Kirk alibadilika baada ya pale. Aliwaruhusu kuvaa na kusema walivyotaka.

Papa Furaha, 22:10
Baada ya kusemwa.

*Jumatano, 1 Novemba 2023*

Mama Neema, 07:15
Asubuhi njema. Majina hadi sasa: Shabani, Shangazi Zawadi, mimi. Bahati, nakuhesabu.

Mzee wa Kigoma, 12:38
Salaam wanangu. Nimesoma yote tangu jana.

Mama Neema, kumpenda kocha wako si kosa, na kumtetea akisemwa ni utu. Lakini bango linashikwa na watu sita, mikono kumi na miwili. Robo ya kwanza ikiisha, uwanja wote watu 69,000 wanageukia hospitali ya watoto iliyo kando ya uwanja na kupunga, wachezaji na waamuzi pamoja. Watoto wako ghorofa ya juu, wengine wameletwa dirishani na kitanda na mirija yao. Kuna mtoto wa mtu wa kikundi hiki aliyekaa pale, mnamjua. Bango likiwa juu, walio nyuma yake hawaoni dirisha na dirisha haliwaoni. Kirk mwenyewe dakika ile anapunga.

La pili. Wale vijana wa 2020 walivaa jezi ileile tutakayovaa sisi. Shuka linalosema tuko nawe, lisilo na neno lao, mimi silishiki. Nitakuja nikijaliwa. Nitakuja mikono mitupu.

Shangazi Zawadi, 12:52
🙏

Papa Furaha, 13:20
Mzee.

Mama Neema, 15:47
Shikamoo Mzee. Nimekusikia.

Mzee wa Kigoma, 15:50
Marahaba mwanangu.

Mama Neema, 18:03
Jamani nimefikiri. Bango tulifungue nje tu, pale barabara ya Melrose, timu inapopita na kabla ya kuingia. Likunjwe, lirudishwe kwenye gari. Ndani hakuna bango. Robo ya kwanza ikibaki dakika 2 kila mtu ameshamaliza kula, glavu zivuliwe, simu mfukoni. Hilo tumekubaliana?

Dereva Shabani, 18:05
Sawa kabisa. Lakini gari litakuwa Coralville, nani atalirudisha shuka huku?

Bahati, 18:11
Tulikunje liingie chini ya koti. Ila likinyeshewa, rangi ya ukutani inahamia kwenye nguo. Ipakwe siku 3 kabla, mikono miwili ya rangi, ikauke ndani ya nyumba, siyo gereji. Baridi ya gereji inaifanya ibaki inanata.

Papa Furaha, 18:40
Na maneno? Kirk bado yupo kwenye shuka?

Mama Neema, 18:41
Yupo.

Papa Furaha, 18:44
Andikeni jina la timu nitashika kona moja. Likiwa la mtu, nitakuja kwa ajili ya kupunga, na nitakula mishkaki ya Shangazi.

Mama Neema, 18:58
Timu bila Kirk ni ipi, Papa Furaha? Miaka 24 hii.

Dada Rehema, 19:10
Mimi nitachanga nikiliona deli.

Mama Neema, 19:33
Shuka nalinunua Ijumaa. Nitaanza na TUKO NAWE, la tatu naacha wazi mpaka Jumatatu. Majina ni 5 na Mzee. Shangazi nyama ipungue iwe kilo 2 na nusu kwa sasa.

Shangazi Zawadi, 19:35
Papai basi kijiko kimoja na nusu. Msiache vitatu.

Baba Imani, 23:12
Poleni, nilikuwa zamu. Ni mechi ya Chicago hii Jumamosi au ya hapa? Mimi na watoto wawili tupo. Na lile deli liko kwangu, chini ya ngazi.