Spea za mtumba za breki na stiaringi kwenye pikapu kuukuu: zipigwe marufuku au zipimwe?

Mwongozaji
Kwa sheria yetu ya Kenya, gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini. Lakini kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya breki) au stiaringi boksi ya gari la miaka 25 unaipata kwenye soko la spea la Grogan, Nairobi, asubuhi, na jioni imeshafungwa kwenye pikapu itakayoleta viazi soko la Marikiti. Wapo wanaosema spea za mtumba za breki, stiaringi na tairi zipigwe marufuku kwa magari yote ya mizigo. Wapo wanaosema marufuku hiyo itazika pikapu za wananchi wa kawaida. Semeni, ila kila mtu aje na kitu cha kushikika. Hadithi za "gari langu" tuziache nyumbani.

Spana 14
Napinga. Swali lenyewe limekaa upande. Mnagawa spea kuwa mpya na kuukuu, ilhali fundi huzigawa kuwa zinazopimika na zisizopimika. Diski ya breki inapimika. Imepigwa chapa ya unene wake wa mwisho, MIN TH, kama kutu haijaifunika. Pima mahali sita hadi nane kuizunguka, kwa sababu diski ikiliwa upande mmoja ndiyo inayotetemesha pedali. Na ukitumia vernia, kile kipimo cha unene chenye meno mawili, angalia: ukingo wa nje haugusani na pedi kwa hiyo hauliwi, na meno ya vernia yanakamata ukingo huo na kukudanganya. Weka sarafu mbili zinazofanana, moja kila upande wa diski, pima, kisha toa unene wa sarafu. Dramu nayo ina chapa yake, MAX DIA.

Kisichopimika ni mpira: mipira ya breki, sili, tairi, mkanda wa timing. Hapo sina ubishi na yeyote. Hata ukipewa bure, acha.

Bi Mizani
Fundi, heshima yako, lakini umechagua mfano rahisi. Diski ni sahani. Tuambie kuhusu boljointi na tairodi, viungo vinavyoruhusu gurudumu kugeuka, na nako, chuma kinachobeba gurudumu la mbele. Gari halifiki kwa mvunja magari kwa hiari yake. Mara nyingi limegongwa, na likigongwa gurudumu la mbele, nguvu yote inapita kwenye vyuma hivyohivyo mnavyovifungua na kuviuza. Chuma kinaweza kuwa na ufa ambao jicho halioni. Hicho unakipima kwa sarafu gani?

Spana 14
Ufa unaonekana ukiutafuta. Osha chuma kitoke grisi yote, kipake mafuta ya taa, kiache dakika 20, kipanguse kikauke kabisa, kisha kipake unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatarudi nje na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Gharama yake ni chaki ya shule. Boljointi na tairodi sizitetei, hizo nunua mpya, ni vitu vya kuisha kama sabuni.

Bi Mizani
Chaki inaonyesha ufa uliofika juu. Haionyeshi nako iliyopinda milimita mbili. Hiyo utaijua baada ya kuifunga, ukipeleka gari kwenye alaimenti, kunyoosha magurudumu, na fundi akashindwa kuleta kamba (mlalo wa gurudumu) na tou (mwelekeo wake) pamoja, au tairi likaanza kuliwa upande wa ndani ndani ya wiki chache. Wangapi wanarudi kuivua? Wanapindapinda tairodi mpaka gari liende moja kwa moja, basi.

Duka la Kirinyaga Road
Mnaongea kama vile kipya ni salama. Tatizo la mji huu ni feki, na feki inauzwa ikiwa mpya, ndani ya boksi lenye stika inayong'aa. Pedi feki: nyenzo ya kusugua inaachana na bamba la chuma. Ukipata moto mteremkoni inang'oka nzima na unabaki na chuma kwa chuma. Beringi feki: chuma laini, inaanza kulia mapema. Mimi kati ya nako mpya isiyojulikana ilikotoka na nako ya mtumba ya kiwandani kutoka Japani, najua ipi ningeifunga. Ukipiga marufuku ya mtumba, mteja hatakimbilia ya wakala, bei yake haiwezi. Atakimbilia feki. Mmefanya nini hapo?

Bi Mizani
Mmekubali basi kwamba soko halina mtu wa kulichunga, si mtumba wala mpya. Hiyo ni sababu ya kufunga mlango mmoja, si ya kuacha yote miwili wazi.

Karakana ya Kariobangi
Niingilie kwenye breki, maana hapa watu wanachanganya kitu kimoja kikubwa. Kalipa ya mtumba na masta silinda ya mtumba (pampu inayosukumwa na pedali ya breki) si ndugu, ingawa zote zinaendeshwa na mafuta yaleyale.

Kwenye kalipa, sili inakaa kwenye mfereji ndani ya ukuta wa silinda, na pistoni ndiyo inayoteleza ndani yake. Kwa hiyo sura muhimu ni ya pistoni. Ukuta wa silinda ukiwa na kutu kidogo nje ya mfereji, hauvujishi. Itoe pistoni kwa upepo wa kompresa, weka kipande cha mbao na kitambaa mbele yake na vidole mbali, inaruka kama jiwe la manati. Ikaushe, ipitishe kucha. Kucha ikikwama kwenye kishimo cha kutu mahali sili inapopita, tupa pistoni, tafuta nyingine. Ikiwa laini, safisha mfereji, weka sili mpya na mpira mpya wa vumbi, paka mafuta ya breki safi, irudishe kwa mkono. Pini za kuteleza zipake grisi ya silikoni, si ya beringi. Grisi ya beringi inavimbisha mpira na kalipa inakwama, pedi ya upande mmoja inaisha na nyingine inabaki mpya. Kalipa hiyo inaweza kufanya kazi miaka.

Masta silinda ni kinyume. Kule sili ziko juu ya pistoni na zinatembea kwenye ukuta. Kishimo kimoja ukutani, sili inakatika, na pedali inazama polepole ukiishikilia kwenye taa nyekundu. Watu wanapitisha msasa au hona, mawe ya kusugua ndani ya silinda, kuondoa kutu, kipenyo kinakua, sili haikazi. Silinda ndogo za dramu za nyuma, hadithi ileile. Hizo nunua mpya, na ununue mahali panapojulikana.

Kwa hiyo ukiandika sheria inayosema "breki za mtumba marufuku", umepiga marufuku kalipa nzuri na masta silinda mbovu kwa kalamu moja. Ukiandika "breki za mtumba ruksa", umeziruhusu zote mbili.

Kuhusu mafuta ya breki: ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji, kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 140. Gari la kuvunjwa lililokaa uwanjani misimu miwili ya mvua lina maji ndani ya kila kalipa. Ndiyo maana kuifunga bila kuifungua ni ujinga, hata ingekuwa inang'aa. Na uchunguze mpira wa kifuniko cha chombo cha mafuta: ukiwa umevimba na kuwa laini kama chingamu, mtu alitia mafuta ya stiaringi au ya injini, na kila mpira katika mfumo mzima umeshaharibika.

Dereva wa Kinangop
Karakana, umeongea. Ila mtu akishafunga kalipa hizo, atoe vipi upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki? Wengine wanaanza mbele, wengine nyuma.

Karakana ya Kariobangi
Anza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari la stiaringi ya kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, malizia mbele kulia. Usiache chombo kikauke katikati, utaanza upya. Na kama kuna valvu ya mzigo kwenye eksel ya nyuma, angalia kama ina kitoa upepo chake, wengi wanaisahau.

Jani la Tano
Afadhali umeitaja hiyo valvu. Mnabishana kuhusu mtumba na mpya wakati pikapu nyingi za mizigo zina breki zilizovurugwa na springi. Hilux nyingi za zamani na pikapu nyingine zina valvu juu ya eksel ya nyuma yenye fimbo inayosoma umbali kati ya chesisi na eksel. Mzigo ukiwa mwingi, chesisi inashuka, valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Gari likiwa tupu, inapunguza, ili magurudumu ya nyuma yasikwame na mkia kuja mbele.

Sasa mtu anaongeza majani mawili ya springi kutoka kwenye lori lililovunjwa ili abebe tani mbili. Mkia unapanda. Valvu inaona gari tupu siku zote. Umepakia magunia, unateremka Mai Mahiu, breki za nyuma zinapata nguvu kidogo na za mbele zinabeba kila kitu. Diski zinabadilika rangi kuwa bluu, mafuta yanachemka, pedali inakwenda chini. Fundi anaambiwa "breki za nyuma hazishiki", anaibaipasi valvu, mafuta yasipitie humo. Sasa gari likiwa tupu kwenye mvua ya Waiyaki Way, nyuma inakwama ukigusa tu pedali. Spea zote hapo zinaweza kuwa mpya, orijino, zenye risiti. Dawa ni kurefusha fimbo au kurekebisha bano lake kulingana na kimo kipya, ukipima shinikizo kwa geji mbele na nyuma. Marufuku ya mtumba haigusi hili hata kidogo.

Bi Mizani
Hilo ni la ukaguzi, na nakubaliana nalo asilimia mia. Lakini halijibu swali.

Duka la Kirinyaga Road
Ongeza taa. Taa za mbele zilizotoka Dubai ni za magari yanayoendeshwa upande wa kulia wa barabara. Mwanga wake wa chini umekatwa kupanda upande wa kulia, kwa hiyo hapa unampiga machoni anayekuja. Za Japani ziko sawa na zetu. Kioo ni kimoja, mashimo ya bolti ni yaleyale, inaingia bila tatizo. Washa mbele ya ukuta, mita tano hivi, utaona mstari unapanda upande gani. Hiyo nayo ni spea ya usalama, mbona haimo kwenye orodha ya marufuku?

Mlango wa Nyuma
Na rimu. Mashimo sita ya bolti kwenye duara la milimita 139.7 yako kwenye Hilux za 4x4, kwenye L200, kwenye nyingine nyingi. Muuzaji anasema "zinaingiliana". Tundu la katikati la Hilux ni milimita 106, la L200 ni 67. Rimu ya L200 haikai kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya Hilux mpaka mtu aipanue kwa mashine, na akiipanua ameondoa chuma pale kinapohitajika. Ya Hilux kwenye L200 inaingia, lakini inaning'inia kwenye nati tupu. Tumia ringi ya kujaza nafasi au usifunge.

Dereva wa Kinangop
Na difu, ile giaboksi ya eksel inayogawa nguvu kwa magurudumu? Ya mtumba inakubalika?

Spana 14
Ndiyo, ila hesabu meno kwanza. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, zungusha propela, shafti inayoleta nguvu kwenye difu, hesabu ni mara ngapi mpaka magurudumu yamalize duara moja. 41 kwa 10 ni 4.1, 41 kwa 9 ni zaidi ya 4.5. Kwa gari la 4x4, mbele na nyuma lazima zilingane, la sivyo ukiingiza 4WD kwenye lami kavu kitu kitavunjika. Tusiende mbali, mada ni breki.

Karatasi
Upande wa sheria, kwa ufupi. Marufuku tumeshaionja. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, na mwaka huohuo ikafunguliwa tena kwa masharti. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 ilikuwepo kabla yake, yenye leseni na kumbukumbu za mauzo. Tulichokosa ni kuitekeleza. Na kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu kinampeleka anayepokea mali ya wizi jela hadi miaka 14, kwa hiyo saidi mira iliyong'olewa jana Ngara ikauzwa leo si "mtumba", ni ushahidi. Ukibadilisha injini, wapelekee NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, namba mpya, logibuku ibadilishwe. Kukata chesisi yenye namba na kuichomelea kwenye nyingine, hiyo usiiguse.

Pendekezo langu: orodha mbili. Ya kwanza, visivyouzwa mtumba kamwe: mpira wowote, tairodi na boljointi, masta silinda na silinda za dramu, tairi. Ya pili, vinavyouzwa kwa risiti yenye namba ya chesisi ya gari vilikotoka na kipimo kilichoandikwa: diski, dramu, kalipa, nako, stiaringi boksi.

Bi Mizani
Orodha yako ni nzuri kwenye karatasi, ndugu Karatasi, jina linakufaa. Nako unaiweka ya pili, na hapo juu tumeona haina kipimo cha mezani. Kipimo utakiandika wapi?

Spana 14
Nako iende ya kwanza kama gari lililotoka liligongwa mbele. Namba ya chesisi kwenye risiti ndiyo itasema.

Bi Mizani
Na nani atasoma risiti? Mashine ya rola ya ukaguzi inasema gurudumu hili linavuta nguvu kiasi gani na lile kiasi gani, na kama kushoto na kulia vinatofautiana. Haisemi diski imebaki milimita ngapi, haisemi pistoni ina kutu. Gari linapita likiwa tupu, kalipa imesafishwa juujuu jana yake.

Karakana ya Kariobangi
Hapo ndipo penye kazi. Kuvua gurudumu moja la mbele na dramu moja ya nyuma kunachukua dakika 20 kwa watu wawili na jeki nzuri. Mkaguzi achague mwenyewe upande, mwenye gari asijue mapema. Kwa pikapu ya mizigo iliyozidi miaka 15, hiyo ingenasa mengi kuliko marufuku yoyote.

Bi Mizani
Na dakika 20 hizo kwa kila pikapu, foleni ya kituo cha ukaguzi cha Likoni Road itafika wapi?

Duka la Kirinyaga Road
Itafika Enterprise Road. Waanze na zenye majani saba ya springi.