MREJESHO: Mkopo wa nyumba wenye riba nafuu na eneo la bei ya chini

Wakuu, niliuliza jinsi ya kupata mkopo wa nyumba usioumiza na wapi pa kununua kwa bei ya chini. Asanteni sana, majibu haya hapa.

Ushauri uliolipa kuliko yote: achana na riba ya kwenye tangazo, omba jedwali la marejesho. Mkopeshaji mmoja alitaja 8%, mwingine 12%. Kumbe ile 8% inapigwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, hata ukishalipa nusu. Ile 12% inapigwa kwenye salio tu, yaani deni lililobaki. Kwa miaka 10, kila 100 uliyokopa utarudisha 180 kwa wa kwanza, na kama 172 kwa wa pili. Ada ya mkopo, bima na uthamini bado, ziulizie kwa maandishi.

Kununua nje ya mji, jirani na njia ya usafiri wa umma, kumeshusha bei kweli. Ila jumlisha nauli ya mwezi kwenye rejesho ndipo ulinganishe.

Yaliyogoma: riba isiyobadilika nimepata kwa miaka 3 ya mwanzo tu, baada ya hapo inaelea, yaani inaweza kupanda au kushuka. Na mthamini aliweka thamani 10% chini ya bei ya muuzaji. Benki inakopesha 80% ya thamani, si ya bei, kwa hiyo mkopo ukafunika 72% tu ya bei. Muuzaji alishusha kidogo, pengo lililobaki nikajazia mwenyewe. Mnaofuata, uthamini ufanyike kabla hamjatoa hela ya kushikilia nyumba.