Namna ya kurejesha mtindo wa jinzi wa miaka ya 1970

Mpenda Mitindo: Ndugu wanajamvi, ningependa kuvaa jinzi kwa mtindo wa miaka ya 1970, lakini kila suruali ninayoijaribu huonekana ya kisasa mno. Kasoro iko wapi?

Sindano: Tazama kitambaa kabla ya mshono. Jinzi za wakati ule kwa kawaida zilikuwa za pamba tupu, ilhali nyingi za leo zimechanganywa na nyuzi zinazovutika, ambazo huifanya suruali ing'ang'anie mwili badala ya kuanguka wima kwa uzito wake. Kisha chagua bugaluu yenye kiuno cha juu, inayobana mapajani na kupanuka kuanzia gotini.

Bi. Kitambaa: Naafiki, ila usinunue iliyochujuliwa kiwandani. Rangi ya nili hukaa zaidi juu ya uzi huku kiini kikibaki cheupe, ndiyo maana nguo iliyovaliwa na kufuliwa kwa muda mrefu hupauka hasa pale inaposuguliwa. Kwa maoni yangu, hakuna dawa inayoiga hilo vizuri.

Sindano: Kweli kabisa. Bugaluu isipopatikana, fumua mshono wa nje kuanzia gotini hadi chini, uingize kipande cha pembetatu cha kitambaa cha rangi nyingine, kama vijana wengi wa enzi hiyo walivyofanya.