Je, mafunzo ya uigizaji humjengea mtu ujasiri mbele ya kamera?

Swali: Ndugu zangu, nimeigiza tamthilia kwa miaka minne bila kusomea, na bado mikono hunitetemeka kila mwongozaji anapoagiza tukio lirudiwe. Je, niache kazi nikasome TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoko Bagamoyo?

Jibu la kwanza: Dada, Lupita Nyong'o alikuwa ameshaonekana katika tamthilia ya televisheni nchini Kenya kabla ya kwenda kusomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikohitimu mwaka 2012, mwaka 2014 akatwaa tuzo ya Oscar. Naamini kipaji alikuwa nacho tangu awali, na chuo kikamnoa.

Jibu la pili: Mimi nilisoma. Hofu haikuniisha, ila nilijifunza kupumua, kusimama kwenye alama ya sakafuni inayoonyesha mahali pa mwigizaji bila kuitazama, na kulirudia tukio mara kumi huku hisia zangu, hata mkono ulioshika kikombe, vikibaki vilevile ili mhariri aweze kuunganisha picha. Nilitulia kwa sababu nilijua la kufanya.

Jibu la tatu: Nakubali, ingawa kwenye usaili wengi hawatakuuliza cheti, watakuomba uigize. Ulizia kozi fupi kwanza, dada, kabla hujaacha kazi.