Mjadala: Je, mwendesha bodaboda anyimwe leseni mpaka apate mafunzo ya huduma ya kwanza?

Wanaopinga hoja hii hapa Mbeya husema kwamba kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki kila jioni asiongezewe mzigo mwingine juu ya mafuta, bima na leseni yenyewe. Ni hoja nzito, lakini mimi nipo upande wa wanaotaka mafunzo yawe lazima, na nawakaribisha wenye mtazamo tofauti wanipinge.

Anayeijua barabara ya TANZAM kuanzia Uyole hadi Mbalizi anajua pia kwamba ajali inapotokea, anayetangulia kufika si askari wala muuguzi, bali ni bodaboda wa kijiwe cha jirani. Niliwahi kushuhudia, karibu na mteremko wa Mlima Nyoka, majeruhi akinyanyuliwa kwa makwapa na miguu, akapakiwa mshikaki katikati ya watu wawili, shingo ikiyumba kila pikipiki iliporuka tuta. Waliomchukua walikuwa wameacha abiria wao ili wamsaidie, kwa hiyo siwalaumu. Ila hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba damu inayotoka kwa wingi huzuiwa kwanza kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi, na kwamba anayedhaniwa kuumia shingo hasogezwi isipokuwa kama kuna hatari, mathalani moto.

Wapo wanaosema kwamba video za kwenye simu zinatosha. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoingia darasa la huduma ya kwanza. Mkufunzi alilaza sanamu la mpira juu ya mkeka, akatutaka, kama kwa mtu ambaye moyo wake umesimama, tukandamize katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, tukikiacha kifua kirudi juu kila mara. Dakika ya kwanza haijaisha, mikono yangu ikaanza kutetemeka, na mkufunzi akaniuliza kama nambembeleza mtoto alale. Ndipo nilipoelewa kwa nini waokoaji hupokezana kila baada ya dakika 2.

Hata hivyo, cheti kisitolewe kwa kusikiliza hotuba, kwa maana karatasi tupu tunazo za kutosha. Mkufunzi aende vijiweni na sanamu lake, kila dereva apige magoti na ajaribiwe, na gharama ibebwe pia na mwenye pikipiki.

Linalonitatiza ni hofu. Mtu akikata roho mikononi mwako, unawaza maelezo ya kituoni, unawaza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, unawaza ndugu wa marehemu watakaouliza ni nani aliyembonyeza kifua. Je, mafunzo pekee yatamwondolea bodaboda hofu hiyo, au itangulie sheria ya kumlinda anayesaidia kwa nia njema? Ningependa hasa kuwasikia waliowahi kumbeba majeruhi.