Tupeane uzoefu: umewahi kukaribisha watu nyumbani kuangalia mechi kubwa, watoto wakiwemo? Ilikuwaje?

Baba Wawili (mleta uzi)

Wakuu, kwema?

Dabi ya Simba na Yanga inakaribia na nyumbani nimeshaulizwa mara tatu kama "wale watu" watakuja tena. Kabla sijajibu nataka kusikia wenzangu mnafanyaje.

Nianze na yangu. Miaka yote mechi ya watani nilikuwa naitazamia kibanda umiza. Siku za kawaida kiingilio jero, dabi buku, benchi la mbao, jasho la jirani linakuwa lako. Mwanangu mkubwa, wakati huo ana miaka saba, alishajitangaza Simba kwa kumfuata babu yake, lakini kila mechi alikuwa anasimuliwa asubuhi yake. Nikasema safari hii aone mwenyewe. Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023 nikaita watu: babu yao, shemeji na wanawe watatu (Yanga wote, mpaka aliye mgongoni), na jirani wa mlango wa pili na familia yake. Watu kumi na nne kwenye sebule yenye kochi moja na nusu. Mikeka miwili chini, kachori, bisi beseni zima, juisi ya ukwaju kwenye ndoo yenye barafu.

Mliokumbuka tarehe hiyo mmeshaanza kucheka, nawaona.

Mapema tu Musonda akatikisa nyavu. Haikupita muda Kibu Denis akasawazisha, nyumba ikalipuka, na huko jikoni nikasikia kitu kimeanguka. Mapumziko 1-1. Watu wanapeana mikono, watoto wanagawana bisi bila ugomvi, nikajiona mwenyeji bora Temeke nzima. Kipindi cha pili Yanga wakaweka manne. La tatu lilipoingia mwanangu akavua jezi. La tano, ile penati ya Pacome, hakuwepo hata sebuleni. Alikuwa amejifungia chooni, na binamu zake wamejipanga mlangoni, vidole vitano juu, wanahesabu kwa sauti.

Nikabembeleza, nikatishia, wapi. Babu yao akaja, akageuza ndoo akaikalia pale nje ya mlango, akaanza kumsimulia mwaka 1977 Simba ilivyoifunga Yanga sita bila. Alisimulia polepole, kama mtu asiye na haraka na yeyote. Ndani kimya. Mara kitasa kikazunguka, mtoto akatoka macho mekundu, akawauliza binamu zake: "Sita na tano, ipi kubwa?"

Sasa mimi nilikuwa nimeandaa kila kitu. Kifurushi nililipia siku mbili kabla, mikeka niliazima, barafu niliagiza. Suala la utani, watu wazima wakianza na watoto wakiudaka, halikunipitia kichwani kabisa. Tiririkeni.

Mama Kachumbari

Mleta uzi umetaja mikeka, ndoo na beseni. Kachori alikaanga nani?

Nauliza kwa sababu nimekaribisha mechi kwangu kama mara sita, na nne za mwanzo sikuona goli hata moja. Nilikuwa nayasikia. Ilifika mahali naijua mechi kwa sauti tu: wakipiga kelele halafu wakanyamaza ghafla, hiyo ni kuotea. "Aaaah" ndefu, mpira umegonga mwamba. "Mama nanii, ile chai vipi?" hayo ni mapumziko.

Siku hizi jiko langu linazimwa nusu saa kabla ya filimbi. Pilau iko kwenye hotipoti, atakaye ajipakulie. Mihogo ya kukaanga nimeiacha, ikipoa inakuwa mbao na watu wataomba uwakaangie mingine. Nabaki na vya kushika kwa mkono: sambusa, katlesi, karanga, bisi, embe mbichi la chumvi na pilipili. Chenye mchuzi hakivuki mlango wa sebule. Nina alama ya rojo ukutani tangu Msuva alipowafunga Zambia kule San-Pédro, Januari 2024, na fundi rangi kasema haitoki.

Halafu mapumziko wanaume wanaosha vyombo. Dakika kumi na tano zinatosha vyombo vya watu kumi, nimepima.

Kiti cha Mbele

Wazee, mechi ni kibanda umiza. Nyumbani unaulizwa "yule mwenye nyeupe ni wa kwetu?" dakika tisini. Siwezi.

Mama Kachumbari

Ndiyo maana hujaalikwa popote.

Tarakimu Ishirini

Yangu fupi na inauma. Fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar, 18 Desemba 2022. Niliita upande wa mke, baba mkwe anakanyaga kwangu kwa mara ya kwanza. Spika kubwa, feni mbili, friji imejaa soda, taa zote zinawaka mpaka ya stoo, ili nyumba ionekane. Argentina wako mbele 2-0, mzee anatabasamu. Zimebaki kama dakika kumi, giza.

Siyo mgao. Ni mimi, uniti zimeisha. Nikanunua kwa simu, nikatoka nje kwenye mita na mpwa wangu, ananimulika na kunisomea tarakimu, nne nne. Ya kumi na saba nikabonyeza siyo. Tukaanza upya. Mtaa mzima ukalipuka nyuma yetu. Mpwa akanitazama, nikamwambia endelea kusoma. Tuko kwenye nne za mwisho, mtaa ukalipuka tena. Umeme uliporudi, kioo kinasema 2-2. Mbappé mawili, ndani ya dakika mbili, na familia nzima ilikuwa inatazama ukuta.

Baba mkwe hakusema neno. Alisubiri mpaka Argentina wakashinda kwa penati 4-2, akavaa viatu, akanishika bega: "Mwanangu, mechi nzuri sana. Ile niliyoiona."

Siku ya mechi sasa naangalia uniti asubuhi, hata mswaki sijapiga.

Mjukuu wa Bi Mkubwa

😂😂 Tarakimu Ishirini pole.

Kwetu shida ni mikeka. Siku moja tuko sebuleni, mchezaji fulani wa Ulaya huko akakosa penati, kijana mmoja wa kubeti akaruka juu: "Mkeka umechanika!" Yaani tiketi yake ya kubeti imeliwa. Bibi yangu alikuwa amekalia mkeka wake wa ukindu aliokuja nao kutoka Rufiji. Akainuka taratibu, akaanza kuupapasa chini, "Umechanikia wapi jamani? Si mpya huu?" Tulicheka mpaka mpira ukaendelea bila sisi.

Siku mbili baadaye mwanangu wa darasa la pili akaniuliza mkeka unauzwa bei gani na kama mia tano inatosha. Nilielewa alichomaanisha. Kicheko kikaniisha.

Tangu hapo anayekuja kwangu naambiana naye mlangoni, za kubeti ziishie kwenye simu yake, na asome kimya kimya. Mapumziko matangazo yakianza naondoa sauti, watoto wote nawatoa uani wapige penati. Goli ni ndala mbili, kipa ni mimi. Wanarudi ndani wamechoka, kipindi cha pili wanakaa.

Viazi vya Ukwaju

Salaam kutoka Kisauni, Mombasa.

Hebu niwaambie la kutazama kwa intaneti. Ile Jumapili ya Agosti 2025, CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Harambee Stars na Morocco pale Kasarani, nilialika wajomba na watoto wao kwa majigambo kwamba nina TV ya intaneti, picha kama kioo. Jirani yangu ana antena ya juu ya bati. Kipindi cha kwanza chaelekea ukingoni, kwetu mpira bado uko katikati ya uwanja, ng'ambo ya ukuta watu wapiga mayowe. Watoto wakanigeukia: "Baba, goli?" Nikawaambia subirini. Tukasubiri, mimi nahesabu moyoni, karibu nusu dakika, ndipo Ryan Ogam akafunga. Tukashangilia kama watu walioalikwa harusi iliyokwisha.

Kipindi cha pili nilibeba sinia la viazi vya karai, bakuli la ukwaju, na watoto watano nyuma yangu, nikabisha hodi kwa jirani. Stars walikuwa wamebaki kumi uwanjani, wakaishika 1-0 yao mpaka mwisho, na kelele zetu zikawa na kelele za mtaa wote kwa pamoja. Hivi sasa kwetu imekuwa ada: mechi kwake, viazi kwangu.

Sambusa Sitini

Mimi niko Minneapolis, Marekani. Kwa hawa wenzetu mechi kubwa ni Super Bowl, fainali ya mpira wao wa Kimarekani, na Februari 2024 mwenzangu wa kazini alitualika na familia. Mwaliko wa huku unaulizwa kabisa utaleta nini. Nikaandika sambusa, nikapeleka sitini. Robo ya kwanza haijaisha sahani inang'aa.

Mpira wao sikuuelewa na bado siuelewi. Unaandikwa dakika sitini, unakaa saa nne, na siku hiyo Chiefs na 49ers wakaenda hadi muda wa nyongeza, 25-22, na kesho yake shule. Ila nilidaka kitu kimoja. Mezani kulikuwa na karatasi kubwa ya miraba mia, kumi kwa kumi, pembeni namba sifuri mpaka tisa kwa kila timu. Kila mtoto anaandika jina lake kwenye miraba kadhaa. Kila robo ikiisha, tarakimu ya mwisho ya matokeo ya kila timu inaonyesha mraba ulioshinda. Watu wazima huwekeana pesa, lakini mama mwenye nyumba aliweka penseli na pipi. Binti yangu, ambaye hajui hata mpira unaelekea upande gani, alikuwa anakazia macho matokeo kuliko mimi mwenye kiti.

Soka magoli machache, miraba haitafaa. Nyumbani nimeigeuza: kila mtoto anaandika dakika ya goli la kwanza kwenye kikaratasi, tunavibandika kwenye friji. Aliye karibu zaidi anachukua soda ya kwanza.

Mzee wa Uani

Nimesoma yote. Nijibu la utani kwanza, maana ndilo mleta uzi aliloliuliza na mmelikimbia.

Kwangu Simba na Yanga wamechanganyika tangu wanangu wadogo. Kanuni ni moja: walioshinda ndio wanaokunja mikeka, kurudisha viti kwa jirani na kufagia bisi. Bisi, wanangu, ziko mpaka chini ya kabati. Mtu aliyeinama na fagio hana pumzi ya kuimba tano. Na aliyefungwa anakaa kwenye kochi miguu juu, anaelekeza: "Na pale pia, bado."

Kuhusu mechi za usiku, msiwalazimishe watoto kukesha wala msiwafukuze. Fainali ya Kombe la Dunia 2014, Ujerumani na Argentina, huku kwetu ilianza saa nne usiku. Nilitandika godoro hapo hapo sebuleni. Watoto watatu wakaapa hawalali. Saa tano wote wamelala midomo wazi. Dakika tisini zikaisha sifuri sifuri, ikaja nyongeza, saa sita imeshapita, Götze akatuliza kwa kifua akafunga. Nilipiga ukelele, yule wa katikati akaketi wima, macho yamefumba, akasema "Goooli!" akaanguka tena usingizini.

Leo ni mtu mzima, ana mke. Ukimuuliza mechi bora aliyowahi kuiona atakuambia ni ile, na goli lile atakuchorea mpaka kwa kijiti. Mama yake ananikataza nisiseme.

Kiti cha Mbele

Mzee wa Uani, dabi hii kwako kuna nafasi? Naweza kuja na bisi.

Mzee wa Uani

Njoo na fagio.

Baba Wawili (mleta uzi)

Nimewasoma wakuu. La fagio nalichukua kama lilivyo, na vikaratasi vya dakika pia. Uniti nimenunua leo leo.

Mama Kachumbari, swali lako limefika. Mama watoto alikuwa anausoma huu uzi nyuma ya bega langu. Hakusema kitu, akaniuliza tu lile goli la Kibu siku ile lilifungwaje. Nikatafuta video nikamwonyesha. Akalirudisha nyuma, akalitazama tena.

"Kumbe ndilo hili," akasema, "lililonimwagia kachori zangu zote chini."