Naomba ushauri: taulo za kike za kufua, tuendelee kugawa au tuboreshe choo kwanza?

Habari zenu wakuu. Taasisi yetu ndogo ya hisani inagawa taulo za kike za kufua katika shule za msingi, na tunahitaji mawazo ya waliowahi kufanya kazi hii.

Kila msichana anapata taulo sita, chupi mbili, sabuni na mfuko. Taulo ina flana juu, pamba nzito katikati, na chini kitambaa kisichopitisha maji. Tunawafundisha waloweke kwenye maji baridi kwanza, maana ya moto yanagandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena.

Kinachotusumbua ni kuanika. Kwa aibu, wasichana wanazificha chini ya godoro zikiwa mbichi. Zinashika harufu, zinaota ukungu, na muwasho unaanza. Dawa ni jua, lakini nani aanike uani kaka zake wakiona? Tunawashauri wafunike kwa khanga nyepesi, hewa ipite. Kuna njia bora zaidi?

Halafu choo. Kama hakina maji wala komeo, msichana habadilishi saa nne asubuhi; anarudi nyumbani na vipindi vinampita. Fedha iliyobaki inatosha kimoja tu: taulo kwa shule ya pili, au simtanki la lita 1,000, gata za maji ya mvua na komeo kwa shule hii. Mimi naegemea simtanki. Wenzangu wanasema haki ni kuwafikia wengi.

Mngeanza na kipi? Na wavulana mliwafundishaje bila kuwaaibisha wasichana?